Koti la Marehemu

Jalidi ilikuwa imegandisha maji ndooni asubuhi Ambakisye alipokuja kuchukua koti la marehemu kaka yake. Siku ya kugawa nguo ilikuwa imefika. Alilikuta jikoni, kando ya mafiga, limemfunika mbwa aliyezaa.

"Shemeji! Koti la kaka unampa mbwa?"

"Watoto wake wangekufa kwa baridi," alijibu Sekela, mjane.

"Litoe."

"Litoe mwenyewe."

Ambakisye akainama, akashika ukosi. Mbwa akanguruma, meno nje. Ambakisye hakuachia. Akavuta.

Ndipo mkono mmoja wa koti ukainuka taratibu, ukajikunja kwenye kiwiko, ukamgusa goti.

Alijua ni kitoto cha mbwa kilichotambaa humo kutafuta joto. Hata hivyo, alivua kofia.