Mguu wa Madoa

Enock, bwana mifugo, alimpapasa kuku kifuani akatikisa kichwa. Mfupa ulikuwa umechomoza kama mgongo wa kisu. Nyama hakuna.

"Ameanza kukonda lini?" aliuliza.

Mzee Baltazari alikuwa ameinamisha macho sakafuni. Aliyejibu ni Josefina, mke wa mwanawe. Alisema hii ni wiki ya tatu. Kwanza Madoa aliacha kufukuzana na wenzake, kisha akaanza kuchechemea, kisha mguu wa kushoto ukavimba. Sasa anashinda kwenye kona, manyoya yamemsimama, hata chakula akiwekewa mdomoni anakitema.

Mzee alikuwa akiona haya tangu asubuhi. Walipopanda gari kijijini kwao Mwazye, watu walicheka: mtu wa umri wake anasafiri hadi Sumbawanga kumtibu kuku ambaye hatoshi mboga ya siku moja. Josefina ndiye aliyempakata kuku ndani ya kapu, amemfunika kitenge kwa sababu ya baridi, na ndiye aliyewajibu kwamba baba hana rafiki mwingine. Jibu lile lilimchoma mzee kuliko vicheko vyao.

Pale kijijini kila mtu aliijua habari ya Madoa. Miaka miwili iliyopita, Salome, mke wa Baltazari, alilala akiwa mzima na asubuhi hakuamka. Siku ya pili baada ya maziko, mzee aliokota kifaranga kimoja bandani akakiingiza ndani. Watu walisema ni upweke. Mwanawe Clemens alikuwa Kirando kwenye biashara ya dagaa, na kurudi kwake ni Krismasi na Pasaka tu. Nyumbani walibaki mzee, Josefina na yule kuku, ambaye alilala juu ya kabati na kuchafua sebule kila siku. Josefina alifagia. Kama alinung'unika, alinung'unikia jikoni.

Enock aliuliza kuku anakula nini.

"Tunachokula sisi," alisema Josefina. "Baba humgawia kutoka kwenye sahani yake."

Enock alimwomba avuke barabara, aende duka la dawa kununua bandeji. Alipotoka tu, mzee alisogea karibu na meza.

"Bwana mifugo, hivi haiwezi kuwa kitu alicholishwa?"

"Kitu gani, mzee?"

"Kitu cha kutiwa kwenye chakula. Kidogo kidogo."

Enock alimtazama, kisha akatazama mlango ambao Josefina alikuwa amepitia. Hakucheka. Alimgeuza kuku chali akaukunjua unyayo uliovimba. Katikati palikuwa na duara jeusi, gumu, kama kichwa cha msumari.

"Sumu haichagui mguu mmoja," alisema. "Huyu bila shaka anaruka kutoka juu, anatua kwenye saruji. Unyayo umechubuka, uchafu umeingia, pametunga usaha. Kwa maumivu haya hamu ya kula itatoka wapi? Ndiyo maana amekonda."

Mzee alimuuliza kama ana uhakika. Enock akasema anao. Mzee akauliza tena, kwa maneno mengine, na Enock akamjibu kwa upole ule ule kwamba vidonda vya namna hii amekwisha kuvitibu vingi, na kwamba huyu kuku hajalishwa kitu chochote kibaya na mtu yeyote.

Baltazari alihisi uso unamuwaka. Alitamani angekuwa amebaki nyumbani.

Josefina alirudi na bandeji. Ndiye aliyemshika kuku wakati Enock anakichokonoa kile kigaga cheusi. Usaha mzito ulitoka, na damu kidogo ikamrukia Josefina kwenye mkono wa sweta. Hakuufuta. Alikuwa ameinama, anamsemesha kuku kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Mzee aligeukia ukutani. Enock alidhani anamhurumia kuku, akamwambia asiwe na wasiwasi: mguu uoshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kuku alazwe chini kwenye nyasi kavu, na baada ya wiki mbili atakuwa anatembea vizuri.

Njia nzima ya kurudi mzee alikuwa akitafuta neno la kumwambia Josefina. Mwishowe aliomba tu kumpokea kapu.

"Pumzika, baba," alisema Josefina. "Umechoka."

Walifika jua halijazama. Kabla hata ya kuvua sweta, Josefina alitandika nyasi kwenye kona ya sebule akamlaza kuku. Akauosha ule mguu, akaufunga upya. Kisha akawasha moto.

Alileta ugali wa ulezi na maharage. Alipiga magoti kama siku zote, akammiminia mzee maji ya kunawa kutoka kwenye jagi. Kule kwenye nyasi Madoa aliinua shingo.

Mzee Baltazari alikata tonge, akalichovya, akalitia mdomoni. Alitafuna. Akakata la pili. Chakula kilikuwa cha moto. Alikuwa amesahau ladha ya chakula cha moto.

Josefina hakuinuka. Bado alikuwa ameshika jagi kwa mikono miwili.

"Baba," alisema taratibu, "leo hukungoja uone kwanza kama kuku atakufa."