Harusi ya Wete

Huko Halifax, kama kwingine kote Kanada, kila asubuhi saa moja ukungu laini ulitoka katika kuta za nyumba. Aliyeuvuta alikumbuka jambo kubwa lililowahi kutokea nchini tarehe ile, kana kwamba alikuwepo.

Tarehe sita Desemba ilikuwa siku ya meli iliyolipuka bandarini mwaka 1917. Somoe alikuwa dirishani akikoroga chai wakati mamake, Bi Mwanakombo, alipomvuta kwa nguvu.

"Ondoka hapo, mwanangu! Vioo vitakutoboa macho!"

"Huo ni ukungu tu, Mama. Bandari imetulia. Hayo ya zamani, hata hukuwa umezaliwa."

"Nilikuwepo. Jirani yangu alipofuka."

Somoe alimkalisha, akamshika mikono. Ili amtulize, alimwomba amhadithie harusi yake. Uso wa mama ukang'aa.

"Tulifunga ndoa kanisani, theluji ikidondoka polepole. Babako alivaa kofia ya manyoya."

Somoe aliingiwa na hofu. Mama alikuwa mzaliwa wa Pemba, na hakuwahi kuiona theluji mpaka alipohamia Kanada uzeeni. Ukungu ulikuwa umeanza kula kumbukumbu zake mwenyewe.

"Hapana, Mama. Ilikuwa Wete, kwenu Pemba, msimu wa masika, kama ulivyonihadithia. Mvua ilinyesha, mikeka ikarowa, wanawake wakaendelea kupiga vigelegele. Bibi harusi alicheka hadi wanja ukamtiririka mashavuni."

Bi Mwanakombo alisikiliza kwa makini, kichwa kaegemeza begani mwa bintiye, macho yamelegea kwa raha.

"Harusi nzuri hiyo," alisema kwa adabu ya mgeni. "Ilikuwa ya nani?"