Sampuli ya Tatu

"Chota mpaka chini," Mabruka alimwambia mkaguzi wa baladia, yaani manispaa. "Usinichukulie mchuzi wa juu kama mtu anayeniogopa."

Mkaguzi mwenyewe, Ahlam, msichana wa miaka ishirini na sita, alivaa glovu, akachota urojo mpaka chini ya sufuria, akautia kwenye kichupa. Nyuma ya gari, pale uwanjani karibu na soko la wanawake la Ibra, Omani, watu wapatao kumi walisimama wakitazama. Wateja kati yao walikuwa wawili tu.

Maskini Mabruka. Miaka kumi na moja anauza urojo, badia na katlesi kwenye buti ya gari la marehemu mumewe, na hakuna aliyewahi kuja kulalamika tumbo. Halafu ikaja harusi ya Al Qabil, watu arubaini wakaharisha. Wapishi walikuwa watatu, Mabruka mmoja wao, juisi ilitoka kwengine, lakini midomo ya watu haikuhangaika kutafuta. Ikamkamata yule asiye na leseni. Wiki ile alimwaga sufuria nzima ya urojo uliokosa wanunuzi, akalia kwa hasira.

Kama hayo hayakutosha, mtu akaanza kupiga simu baladia kumshitaki. Hiyo ndiyo sababu Ahlam alikuwepo pale, na ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza majibu yalitoka safi, na Mabruka akaibandika karatasi kwenye kioo cha nyuma cha gari, mhuri ukionekana vizuri.

Nani anayepiga simu? Watu wote walimtazama Ghassan, mwenye mgahawa wa upande wa pili wa barabara, mwenye leseni yake ndani ya fremu. Ghassan aliapa kwa Mungu mpaka akachoka. Mabruka hakumgombeza hata neno. Tena mkaguzi alipoondoka mara ile ya kwanza alimpelekea sahani ya katlesi za moto, watu wakasema huyu mama ana moyo wa ajabu.

Ahlam alifunga kichupa, akakitia kwenye sanduku la barafu. Akamkumbusha kuwa majibu yakitoka mabaya, hata mara moja, sufuria zinachukuliwa na yeye haruhusiwi kusimama uwanjani tena. Akamuuliza kwa nini hatafuti leseni, ayamalize haya.

Hapo Mabruka alipandisha sauti, kila mtu asikie. Leseni kaiomba, jiko lake likaonekana dogo. Kaomba basi wampimie chakula tu, kaambiwa maabara ni ya wenye leseni na wenye kesi za malalamiko. Sasa afanye nini, akae nyumbani ahesabu tasbihi, watu wamseme kuwa kalisha harusi nzima sumu?

"Sifungi buti hii," alisema. "Andika jina langu kamili hapo. Mabruka binti Khelef. Usiandike kwa kifupi."

Ahlam akaandika. Majibu yakaja: safi. Karatasi ya pili ikabandikwa chini ya ile ya kwanza, na wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa aibu, wakiagiza bakuli dogo. Lakini Bi Khole, ambaye baada ya harusi ile alilazwa hospitali siku mbili, akasimama mbele ya gari akasema mara mbili ni bahati tu, na yeye hali chakula kile. Wawili waliokuwa kwenye foleni wakaondoka naye.

Siku ile Mabruka aliifunga buti kabla ya adhuhuri. Njia nzima alikuwa akisema peke yake.

Alhamisi asubuhi Ahlam akatokea tena na sanduku lake. Malalamiko mapya, alisema, yamekuja jana usiku. Watu wakaguna, wakamwangalia Ghassan vibaya, naye akaingia ndani ya mgahawa wake akafunga pazia. Mabruka alitoa upawa kwa madaha, akauliza anataka mchuzi, badia au vyote, mbona leo kaja na vichupa viwili tu.

Kisha akauliza sampuli inapelekwa lini Nizwa, kwenye maabara. Ahlam akamjibu kuwa gari ya ofisi huondoka siku ya pili yake, na kesho ni Ijumaa, Jumamosi nayo mapumziko, kwa hivyo itabidi isubiri hadi Jumapili.

Mabruka akahesabu siku kwa vidole. Uso ukamshuka. Siku tatu urojo kwenye kichupa, hata uwe umepikwa na malaika, utachacha.

"Mwanangu," alisema, na safari hii sauti haikufika kwa watu, "ukichacha huo, mimi nimekwisha."

Ahlam alifunga sanduku, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa na Jumamosi Mabruka hakupika. Jumapili alipika, hakuuza kitu. Jumatatu akafika uwanjani mapema, akafungua buti mpaka mwisho, akasimama mikono kiunoni. Kama wanakuja kuchukua sufuria, na waje wamkute amesimama.

Ahlam alikuja peke yake, bila glovu. Akaamkia shikamoo, akatoa karatasi. Safi. Alhamisi ile ile, alisema, aliendesha gari lake mwenyewe mpaka Nizwa, akafika dakika kumi kabla ya maabara kufungwa. Mabruka alimwitikia marahaba akiwa ameshaanza kulia, akaibandika karatasi ya tatu chini ya zile mbili.

Ahlam aliomba bakuli kubwa, ndimu nyingi. Alikula pale pale, amesimama, mbele ya Bi Khole na soko zima, mpaka akalikomba bakuli. Kisha akamsogelea Mabruka sikioni.

"Karatasi tatu zinatosha kurudi nazo kuomba leseni, bibi," alisema. "Lakini ukitaka kupiga simu tena kujishitaki, piga Jumapili."