Swali la Chumvi

Mwalimu Tunu wa kemia na Mwalimu Mshamu wa historia walifundisha mada moja, chumvi, kila mmoja darasani kwake. Mkuu wa chuo alishasema: wanafunzi wasipoyaunganisha masomo hayo muhula huu, mpango huo wa kufundisha mada moja kwa pamoja utavunjwa.

Tunu alichemsha maji ya chumvi mpaka sufuria ikakauka na kubaki nyeupe. Mwanafunzi aitwaye Sikujua, aliyekaa nyuma, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kumbe wafalme wale wa Mwalimu Mshamu walikuwa wanauana kwa ajili ya hiki?"

"Dada, umekosea mlango! Hilo la historia," wenzake wakamcheka.

Tunu alitoka hadi barazani. "Mwalimu Mshamu! Njoo, swali lako limezaliwa kwangu!"

Mshamu alitokea mbio, chaki mkononi, na nyuma yake darasa zima likija limejitwika viti.