Taa za Kuliombea Ziwa

Wavu uligoma kupanda. Ogweno alipouvuta kwa nguvu ulichanika katikati, ukaibuka na nyaya, nta na nailoni za taa ambazo wanachuo waliziachia zielee majini jioni, kuliombea ziwa liondokewe na magugu. Dagaa walikuwa wameiacha karabai yake wakazifuata taa hizo, naye akawafuata dagaa. Hakuwa na wavu mwingine.

Asubuhi, mwaloni wanakoegesha mitumbwi, mwanachuo mwenye kamera alimkimbilia.

"Shikamoo mzee! Hongera kwa kuokota uchafu. Nikupige picha?"

"Marahaba. Uchafu wa nani?"

"Wa ziwa, mzee. Watu hawana ustaarabu."

Waya ulikuwa umemchana Ogweno kidole hadi ukuchani. Aliukusanya wavu wote na nyaya zake, akamvika kijana kichwani mpaka mabegani.

"Haya," akasema, "sasa cheka."