Uzi wa Shomari

Kabla ya alfajiri, kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni. Bi Mize akamimina chai vikombe viwili, maana usiku ule alikuwa na mgeni: Salha, mjukuu wa kaka yake, aliyekuwa akiandika ukoo kwenye daftari.

"Bibi, wewe nimekuandika peke yako. Hukuzaa, sivyo?"

"Nilizaa. Shomari. Aliishi siku kumi na moja."

Bi Mize akatoa uzi mweupe chini ya mto. "Nilimpimia sanda kwa huu. Wakaniambia mdogo yule, hahesabiwi."

Salha akaweka penseli chini, akatafuta kalamu ya wino. Akaandika: Shomari.

"Wa nani, Bibi?"

"Wa Kombo, marehemu mume wangu."

"Kombo wa nani?"

"Wa Faki. Faki wa Makame. Andika taratibu, mwandiko wako kama kuku kapita!"

Salha akacheka, akaandika taratibu. Bi Mize akaunyoosha uzi chini ya majina. Ukavuka ukurasa, ukaning'inia ukingoni mwa meza.

Basi alilolisubiri Salha likapiga honi barabarani.

"Makame naye ana baba yake," Bi Mize akasema, akiwa bado ameushika uzi. "Utakuja tena, mjukuu wangu?"