Viganja Vitatu vya Jira

Kifuniko cha mkebe wa jira kililia gizani. Umeme ulikuwa umekatika, na alfajiri ilikuwa bado changa.

“Mwanasiti, hivyo viungo vitakukimbia? Mwache mtoto alale,” mamamkwe aliguna kutoka chumbani.

“Mama, gari la hospitali linakuja saa kumi na mbili.”

Daktari hakuwaficha: Mwanasiti anakwenda kupasuliwa, aage vizuri.

Mwanasiti akawasha mshumaa. Vipimo vya masala yake ya nyama havikuandikwa popote. Vilikaa kiganjani mwake, kama vilivyokaa kiganjani mwa mamake. Akakijaza jira, kisha akaihamishia kidogo kidogo kwenye kiganja cha Raya, binti yake wa miaka sita, akihesabu.

“Kimoja changu, vitatu vyako. Umeshika?”

“Vitatu. Na giligilani?”

“Sita. Pilipili manga kimoja. Pilipili kali ncha ya kidole tu, usije ukawaliza wageni.”

Raya akacheka, akarudia vyote bila kukosea. Mwanasiti akashusha pumzi. Mtoto akaunyoosha mkono wake karibu na mshumaa, akautazama sana.

“Lakini mama, mkono wangu utakua.”